Mifugo Burundi: Ni lini kukata kiungo humwokoa mnyama, na ni lini humwongezea mateso?

Ng'ombe anapokataa kukanyaga mguu mmoja kwa siku kadhaa, mfugaji wa Gitega au Muyinga hukabiliwa na njia tatu: kumtibu, kumkata kiungo kilichoharibika, au kumchinja. Kila siku inayopita bila uamuzi hupunguza uwezekano wa njia ya kwanza na kuikaribisha ya mwisho.

Nchini Burundi, uamuzi huo haumhusu mnyama peke yake. Mashamba mengi hayafikii hekta moja, na samadi ya ng'ombe ndiyo mbolea ya migomba, maharagwe na mahindi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 viliangamiza sehemu kubwa ya mifugo. Baadaye, miradi iliyofadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, iligawa ng'ombe kwa mnyororo wa mshikamano: kaya inayopokea ng'ombe hukabidhi ndama kwa kaya inayofuata. Hivyo ng'ombe mmoja akipotea, jirani naye hupoteza ndama aliyekuwa akimsubiri.

Kwa nini kwato huharibika?

Sheria ya Oktoba 2018, iliyoanza kutekelezwa Oktoba 2021, inataka mifugo ifugwe zizini badala ya kuachwa izurure. Utaratibu huo hulinda mazao na kurahisisha ukusanyaji wa samadi. Hata hivyo, zizi lenye matope na mkojo hulainisha kwato na kuruhusu vijidudu kupenya. Ng'ombe asiyetembea pia hazisagi kwato zake ardhini. Hurefuka, hujipinda na kupasuka. Jeraha dogo lisipotibiwa, usaha huweza kufika kwenye kiungio na mfupa.

Kinachokatwa ni nini?

Kila mguu wa ng'ombe una vidole viwili, kila kimoja na ukwato wake. Upasuaji unaofanywa zaidi kwa ng'ombe ni kukata kidole kimoja, wala si mguu mzima. Hufanywa pale maambukizi yanapokuwa yameingia kwenye kiungio au mfupa wa kidole hicho na dawa zimeshindwa, huku kidole cha pili kikiwa kizima. Vikiwa vimeoza vyote viwili, ng'ombe hana tena cha kukanyagia, na upasuaji huo haufai.

Kazi hii inaweza kufanyika hata kijijini, mradi awepo daktari wa mifugo, vifaa safi na kamba za kumfunga mnyama. Mguu huoshwa, kisha hufungwa mpira wa kubana damu. Dawa ya ganzi, kwa kawaida lidokaini, hudungwa kwenye mshipa ulio chini ya mpira huo. Baada ya dakika chache mguu hufa ganzi, na kidole hukatwa kwa msumeno wa waya. Jeraha hufungwa bandeji ya kubana, na ndipo mpira hulegezwa. Kukata bila ganzi ni ukatili, na mnyama anayepigana na maumivu humhatarisha hata anayemkata.

Kidonda huchukua wiki kadhaa kupona, na bandeji hubadilishwa mara kwa mara katika zizi kavu. Maziwa ya ng'ombe aliyepewa antibaiotiki hayanywewi wala kuuzwa mpaka muda uliowekwa kwa dawa hiyo upite. Nyama nayo ina muda wake.

Je, mguu mzima unaweza kukatwa?

Kwa mbuzi, kondoo na ndama wadogo, inawezekana. Mbuzi aliyefungwa kamba mguuni kwa muda mrefu anaweza kukosa damu katika sehemu ya chini ya mguu, nayo ikafa na kuoza. Kwa kuwa ni mwepesi, hujifunza kutembea kwa miguu mitatu na anaweza kuendelea kuzaa na kunyonyesha.

Kwa ng'ombe mkubwa, hesabu ni nyingine. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mwili, na ng'ombe chotara wa maziwa anaweza kuzidi kilo 400. Akibaki na miguu mitatu, mguu wa upande wa pili huelemewa, na ng'ombe huishia kulala na kupata vidonda. Katika milima ya Gitega, ambako hata njia ya kwenda kisimani ni mteremko, mzigo huo huwa mzito zaidi.

Ni lini kuchinja ndiyo huruma?

Ng'ombe mzee, mzito, asiyeweza kusimama, au aliyevunjika mfupa wa juu wa mguu mara nyingi hafaidiki na upasuaji. Kumchinja mapema humwepusha na mateso na huiachia familia thamani ya nyama, ilimradi mkaguzi aidhinishe. Anayesubiriwa mpaka apate homa na kusambaa usaha mwilini hupoteza vyote viwili: uhai wake na nyama yake.

Wahudumu wa jamii wa afya ya mifugo, walio karibu na wafugaji kuliko madaktari, hawaruhusiwi kuchukua nafasi ya daktari katika upasuaji. Wanachoweza ni kumtambua mapema ng'ombe anayechechemea, kusafisha jeraha na kumwita daktari.

Kinga yenyewe haihitaji msumeno: sakafu kavu yenye matandiko, samadi kuondolewa kila siku, kwato kupunguzwa angalau mara mbili kwa mwaka, na kamba ya mbuzi kufungwa shingoni kwa ukosi mpana badala ya mguuni. Ng'ombe akichechemea leo, wa kumwita ni daktari, na siku ya kumwita ni leo.