Risasi Isiyo na Mwenyewe: Polisi na Raia katika Mji wa Kisumu

Reli ilipofika ukingoni mwa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, na mahali pale pakaitwa Port Florence kabla ya jina la wenyeji kushika tena, askari aliyewekwa hapo hakuletwa kwa ajili ya mvuvi wa Dunga wala mama muuza samaki, maana kazi yake ilikuwa kulinda njia ya gari la moshi, shehena za bandarini, na maafisa wa dola iliyokuwa ndiyo kwanza inajengwa. Sheria ya 1906 iliwaweka askari wa namna hiyo chini ya jeshi moja la polisi la Himaya ya Afrika ya Mashariki. Na huko mashambani machifu walikuwa na askari wao, ambao kwa sheria ya 1929 walipewa jina la polisi wa kikabila, nao ndio wazazi wa polisi wa utawala, yaani AP, tuliowazoea. Wote hao waliwajibika kwa wakubwa wao, wala raia aliyedhulumiwa hakuwa na mlango wa kubisha.

Uhuru ulipokuja bendera ilibadilika, lakini desturi hiyo ilibaki, na siku iliyoidhihirisha mbele ya macho ya wote ni Jumamosi ya tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Kisovieti, ambayo wakazi wa mji huiita Russia hata leo, ijapokuwa imekwisha kubadilishwa jina zaidi ya mara moja. Haikuwa imetimia miezi minne tangu Tom Mboya, waziri Mluo, auawe kwa risasi mjini Nairobi, na nyoyo za Waluo zilikuwa bado zinafuka moshi. Na pale hadharani alikuwapo Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wa rais kabla ya kujitenga na kuongoza chama cha KPU. Maneno makali yakapita baina ya wakubwa hao wawili, umati ukapaza sauti, mawe yakarushwa, na walinzi wa rais pamoja na askari wakafyatua risasi, si pale uwanjani tu, bali na kando ya njia msafara ulipokuwa ukitoka mjini, walipokuwa wamesimama watu waliotoka majumbani mwao kumtazama rais akipita. Serikali ilitangaza maiti 11, ilhali wenyeji husimulia idadi kubwa kuliko hiyo. Katika siku tano zilizofuata Odinga alitiwa kizuizini, na KPU ikapigwa marufuku. Walakini hakuna askari aliyesimamishwa kizimbani kwa damu iliyomwagika siku ile, wala Kenyatta hakurejea tena Kisumu katika uhai wake.

Yaliyotukia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalikuwa makubwa zaidi, na tume ya Jaji Philip Waki iliyaandika kwa urefu: katika nchi nzima walikufa watu 1,133, na kati yao 405 waliuawa kwa risasi; na huku Kisumu ilidhihirika kwamba wengi wa waliopigwa walikuwa na majeraha yaliyoingia kwa nyuma, dalili ya mtu anayekimbia. Nami nataka kukaa kidogo juu ya tukio moja la Januari 2008, kwa sababu lilionekana katika televisheni. Kijana asiye na silaha anaonekana barabarani akiwakejeli askari kwa mbwembwe za ujana. Askari mmoja anamkimbilia na kumfyatulia risasi, na kijana akisha kuanguka anapigwa teke. Nani angedhani kwamba kesi yenye ushahidi wa namna hiyo ingeanguka? Ilianguka. Mwezi wa Juni 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia mshtakiwa, maana namba ya bunduki iliyoandikwa katika ripoti ya mtaalamu wa silaha haikuoana na namba ya bunduki aliyokabidhiwa.

Wamarekani nao wameyaonja hayo. Kipigo alichopigwa Rodney King na polisi wa Los Angeles mwezi Machi 1991 kilinaswa katika ukanda wa video, na juu ya hayo baraza la wazee wa mahakama halikumtia hatiani hata askari mmoja mwaka uliofuata, mji ukawaka moto. Alipouawa George Floyd huko Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, picha ilifuatwa na mashtaka, na askari aliyemkandamiza shingo kwa goti akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu. Kwa rai yangu picha pekee haitoshi kuleta insafu, endapo daftari la ghala la silaha na kazi ya mpelelezi ni vya ovyo.

Na usiku hauna hata picha. Katika usiku uliofuata kutangazwa kwa matokeo ya uchaguzi wa Agosti 2017, askari walivunja mlango wa nyumba moja mtaani Nyalenda, ndani mkiwa na moshi wa kutoa machozi, na mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo, akapigwa rungu kichwani angali mikononi mwa mamaye. Alifariki tarehe 15. Kwa kuwa mpigaji hakuweza kutajwa kwa jina, hakimu aliyeendesha uchunguzi wa kifo hicho aliamua, Februari 2019, kwamba lawama iwaendee makamanda waliowaongoza askari wale, uamuzi ambao mimi nauhesabu kuwa mkubwa kupita sheria nyingi zilizotungwa Nairobi. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akatangaza kuwashtaki maafisa 12 kwa jinai dhidi ya ubinadamu.

Msomaji wa Kondele, Manyatta au Nyalenda na ajue basi kwamba sheria ya polisi ya 2011 inamtaka askari mwenye sare avae jina lake au namba yake mahali panapoonekana, na kwamba mamlaka ya kuwasimamia polisi, IPOA, ina ofisi papa hapa mjini. Ukiona askari aliyeificha namba yake, andika saa, mahali, na namba ya gari alilokuja nalo, ukaipeleke karatasi hiyo IPOA.