Walikimbia nini, walikimbilia wapi: historia fupi ya "run" na neno mkimbizi

Hebu jaribu kusema haya kwa Kiswahili, haraka haraka. Mama mwenye saluni pale Bissonnet: Kiingereza kinasema "she runs it". Basi linalopita Bellaire kila siku, nalo "runs". Jirani anayetaka kiti kwenye bodi ya shule, "he's running". Sukari imekwisha jikoni, "we ran out". Mtoto ana mafua, basi pua yake "is running". Kitenzi kimoja tu, na asubuhi nzima imeshapita.

Sasa Kiswahili. Mama anaendesha saluni. Basi linafanya safari zake. Jirani anagombea. Sisi tumeishiwa sukari. Mtoto anatokwa na kamasi. Hapo hakuna aliyekimbia hata hatua moja. Ndiyo maana kijana wa Alief akisema shangazi yake "anakimbia duka", wazazi wanacheka. Wao wanamwona shangazi anatoka mlangoni mbio, duka kaliacha nyuma.

Kuna mahali lakini ambapo tafsiri hii haichekeshi. Ni pale wazazi wanaposema "tulikimbia", na sisi kichwani tunasikia "we ran away". Tukifika hapo tutaelewana vizuri zaidi, ila kwanza tuangalie Kiingereza kilifikaje huku.

Zamani sana, neno hili la Kiingereza lilikuwa na kazi chache: miguu inayokwenda mbio, maji yanayotiririka. Baadaye mabaharia wakalitumia kwa merikebu. Kisha mashine zikaja, karne ya 18 na ya 19, na watu hawakuzitafutia kitenzi kipya. Saa, kiwanda, gari moshi, vyote vikapewa "run". Siasa nayo ikaingia: Marekani mgombea "runs", wakati Uingereza wanasema "stands", yaani anasimama. Halafu kompyuta zikaja na programu zake, neno likawa lilelile. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilipokamilika mwaka 1928, kitenzi kilichochukua nafasi kubwa kuliko vyote kilikuwa "set". Kamusi hiyo ilipopitiwa upya, "run" ilikishinda. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba kitenzi hiki kimefikisha maana 645, na mhariri wake, Peter Gilliver, alihitaji miezi tisa kuzipanga.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Chenyewe kinachukua mzizi mmoja na kuuzalisha watoto. Kutoka kwenda tunapata kuendea, kuendelea, kuendeleza, kuendesha. Kwa hiyo anayeendesha gari, duka au podikasti anakifanya kitu kiende. Hata mtaa wetu una mfano wake. Alief ina jina la mwanamke, Alief Ozelda Magee, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa posta ya hapa mwishoni mwa karne ya 19. Kiingereza kitasema "she ran the post office". Sisi tunasema aliiendesha. Na kugombea kunatokana na kugomba, yaani kuteta, kushindana kwa maneno. Mgombea wa Marekani anakimbia. Wa kwetu anateta apewe kiti. Nyie amueni nani kasema ukweli.

Kukimbia pia kuna watoto wake, na hao ndio wanaotuhusu zaidi. Soma sentensi hizi tatu polepole:

Alimkimbia baba yake.
Alimkimbilia baba yake.
Alimkimbiza baba yake hospitali.

Ya kwanza, baba yuko nyuma, mtoto anamtoroka. Ya pili, baba yuko mbele, ndiye anayetafutwa. Tofauti yake ni silabi moja, -li-, na hiyo silabi imegeuza safari nzima. Ya tatu, mtoto ndiye anayehangaika, baba ni mgonjwa na dakika zinakwisha. Kitenzi hicho hicho kinafaa pia mbwa akimfukuza mtu, na Tanzania kila mwaka watu wanakimbiza Mwenge wa Uhuru mkoa hadi mkoa. Tena kuna nomino, kimbilio, mahali au mtu unayemwendea ukiwa na shida. Utaisikia sana kwenye makanisa yetu.

Kwa hiyo mtu akisema "tulikimbia vita", sentensi yake imekamilika: vita viko nyuma. Haina lawama ndani yake. Kiswahili kina neno lingine la lawama, kutoroka, na mtu wake ni mtoro. Karne ya 19, kwenye pwani ya Kenya ya leo, watumwa waliotoroka mashamba waliitwa watoro, na baadhi yao walijenga makazi yao wenyewe bara, nyuma ya Malindi. Mtoro ni neno la anayedai mali yake. Mpaka leo mwanafunzi asiyefika shule anaitwa hivyo.

Mtu aliyekimbia vita anaitwa mkimbizi. Neno limetengenezwa kwa utaratibu wa kawaida: kununua anapatikana mnunuzi, kulea mlezi, kuokoa mwokozi, kukimbia mkimbizi. Kiingereza kilipata "refugee" kwa Wafaransa. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 alifuta haki za Waprotestanti wa nchi yake, maelfu wakahamia Uingereza, na jina lao likaja nao. Jina hilo linatazama kule mtu alikofika, kwenye kimbilio. Mkimbizi linatazama miguu yake. Ila ukichimba zaidi, chini ya neno la Wafaransa kuna kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukimbia. Kwa hiyo hata "refugee" ana vumbi miguuni, basi tu halionekani.

Hapa ndipo neno linapoleta tabu. Mkimbiaji akimaliza mbio anakaa chini, anakunywa maji. Mkimbizi anamaliza lini? Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji Burundi wakaingia Tanzania, wakapewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walilima, walijenga, walizaa. Watoto wao hawakukimbia popote. Walizaliwa pale, wakasoma kwa Kiswahili pale, na bado waliitwa wakimbizi. Ilifika 2014, miaka 42 baadaye, ndipo watu zaidi ya 162,000 wa kundi hilo walipopata uraia wa Tanzania. Mtu angeweza kuwa mzazi, na hata babu, huku akiitwa kwa jina la kitendo alichokifanya mama yake akiwa msichana.

Mwaka 1996 ikawa zamu ya Kivu ya Kusini. Vita vilipofika Uvira na Fizi, watu walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Kama ulikulia upande wetu wa Houston, kuna uwezekano mkubwa unamjua mtu aliyezaliwa kambini humo. Yeye alikimbia nini? Kwa sarufi, hakukimbia kitu. Kwa makaratasi, alikuwa mkimbizi tangu siku ya kwanza. Hapa Marekani sheria inamtaka mkimbizi aombe ukaaji wa kudumu baada ya mwaka mmoja, na baada ya miaka mitano anaweza kuomba uraia. Makaratasi yana mwisho. Midomo ya watu inachelewa.

Yako majina mawili yaliyowahi kukutana mbele ya dunia nzima. Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, kulikuwa na timu ya wakimbizi kwa mara ya kwanza, wanamichezo 10. Watano walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliokuwa wamekimbilia Kenya, kambi ya Kakuma, na waliandaliwa na Tegla Loroupe, bingwa wa zamani wa marathoni. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Popole Misenga na Yolande Mabika, wacheza judo wa Kongo, nao walikuwemo. Watangazaji wa Kiingereza walihitaji maneno mawili yasiyo ndugu, "refugee" na "runner". Kiswahili kilikuwa na mzizi mmoja: wakimbizi wakimbiaji. Walikimbia kwanza kwa sababu walilazimika, halafu wakakimbia kwa sababu walitaka.

Sasa turudi kwa wazazi. Wengi wetu tumesikia habari ya safari yao kwa vipande, na tukauliza kwa Kiingereza: "Why did you run?" Swali hilo linasikika kama mashitaka, na jibu linakuwa fupi: vita, mwanangu. Kiingereza kina maana 645 na bado hapo kinakwama, kwa sababu kinatupa mlango mmoja tu.

Kiswahili kinatupa mitatu, kwa hiyo uliza kwa Kiswahili, hata kama chako kinachechemea. Mama, mlikimbia nini? Mlimkimbilia nani? Nani alimkimbiza nani, nani alibebwa mgongoni? Swali la kwanza litakupa vita, ambavyo unavijua tayari. La pili litakupa jina la mtu aliyefungua mlango usiku. La tatu, mara nyingi, litakupa wewe, au kaka yako, au bibi.