Wakutubi na Makala Zao Wenyewe

Januari 2003, kwenye kompyuta za CILEA, kituo cha ushirika wa vyuo vikuu kilichokuwa Segrate jirani na Milan, ilifunguliwa hifadhi ya kidijitali iliyopewa jina la E-LIS. Ilikuwa ya watafiti wa ukutubi na sayansi ya habari peke yao. Mtafiti anajisajili, anapakia makala yake mwenyewe, mhariri wa kujitolea anaikagua, na baada ya hapo mtu yeyote mwenye intaneti anaisoma bila kulipa hata senti. Nimefanya kazi katika chumba cha majarida cha maktaba ya chuo kikuu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ningependa kila kijana anayeingia katika taaluma yetu aijue historia ya hifadhi hii. Ilijengwa na watu wachache wasiolipwa kwa kazi hiyo, na wengi katika taaluma walichelewa sana kuwafuata.

Kabla ya kompyuta, waandishi walikuwa wakigawa kazi zao kwa posta. Makala ikitoka jaridani, mchapishaji alimpa mwandishi nakala kadhaa za makala hiyo peke yake, kurasa chache zilizobanwa pini ubavuni. Aliyetaka kuisoma, na maktaba yake haikuwa na uwezo wa kulipia jarida, alimwandikia mwandishi postikadi. Wakubwa wangu kazini walikuwa na kadi zilizopigwa chapa tayari, zenye nafasi ya kujaza jina la mwandishi, kichwa cha makala, jarida, toleo na mwaka. Kadi ikienda, unasubiri wiki, pengine miezi. Wapo waandishi waliokuwa wakarimu mno: unaomba makala moja, bahasha inakuja na tatu, na juu ya ukurasa wa kwanza salamu kwa kalamu ya wino. Hakuna mchapishaji aliyemshitaki mwandishi kwa ukarimu huo. Kila mtu alijua kwamba mtafiti halipwi kwa makala yake, na kwamba faida yake ni kusomwa.

Mabadiliko yalianzia kwa wanafizikia. Agosti 1991, Paul Ginsparg alianzisha huko Los Alamos mfumo wa kupokea na kusambaza rasimu za makala za fizikia kwa kompyuta, mfumo ambao leo tunaujua kwa jina la arXiv. Tarehe 27 Juni 1994, Stevan Harnad, msomi wa saikolojia na sayansi ya utambuzi, akatoa pendekezo lililozua mjadala wa miaka: kila mtafiti aweke makala zake mwenyewe mahali pa wazi kwenye mtandao, leo, bila kusubiri ruhusa ya mtu. Mwaka 1997 akafungua CogPrints kwa ajili ya taaluma yake. Kutoka hapo, Chuo Kikuu cha Southampton kikatengeneza programu ya EPrints, iliyotolewa bure mwaka 2000, ili chuo au taaluma yoyote iweze kujenga hifadhi yake. Mmoja wa walioiandika, Robert Tansley, alikwenda Marekani akashiriki kuandika DSpace, iliyotoka Novemba 2002. Mkutubi wa Afrika Mashariki anayefungua hifadhi ya chuo chake asubuhi, iwe Dar es Salaam, Nairobi, Morogoro au Makerere, kwa kawaida anafungua DSpace. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichukua EPrints. Zote mbili zimepitia mikono ya mtu mmoja.

Tarehe 14 Februari 2002 lilitangazwa Azimio la Budapest, likataja njia mbili za kufikia maarifa bila malipo: majarida ya wazi, na waandishi kujiwekea makala zao kwenye hifadhi. Mimi ni mtu wa njia ya pili. Jarida la wazi linahitaji ofisi, mhariri, fedha za kila mwaka. Kuweka makala kunahitaji mwandishi mwenyewe na robo saa ya subira.

Katika ukutubi, aliyetangulia ni Anita Coleman wa Chuo Kikuu cha Arizona, aliyeanzisha DLIST mwaka 2002. Alifanya pia kazi ambayo wachache wana moyo wa kuifanya: alikaa akasoma mikataba ya hakimiliki ambayo majarida ya taaluma yetu huwapa waandishi wasaini, mmoja baada ya mwingine, ili aone mwandishi anabakiwa na nini. Utafiti huo ulitoka mwaka 2007. DLIST yenyewe baadaye iliingizwa ndani ya hifadhi ya chuo chake.

E-LIS ilizaliwa kutokana na mradi wa RCLIS, ambao Thomas Krichel na José Manuel Barrueco Cruz walikuwa nyuma yake. Krichel alikuwa mchumi. Tangu 1993 alikuwa akikusanya rasimu za makala za uchumi mtandaoni, na kazi hiyo ikazaa RePEc mwaka 1997. Alipohamia kwenye ukutubi alikuja na mazoea hayo. Wakaungana na Imma Subirats wa Uhispania na Antonella De Robbio, mkutubi wa Padova, Italia. Wizara ya utamaduni ya Uhispania iliunga mkono, CILEA ikatoa mitambo. Hao wanne walitengeneza pia mfumo wa kuainisha mada, wakauita JITA, kwa herufi za majina yao. Una mafungu makuu 12, kuanzia A hadi L: nadharia iko A, wasomaji na usomaji C, uchapishaji na sheria E, teknolojia ya habari L.

Halikuwa jambo la bahati kwamba kazi hii ilishika nguvu Italia, Uhispania na Amerika ya Kusini. Wakutubi wa huko waliandika sana, kwa Kihispania na Kiitaliano, katika majarida ambayo kanzidata kubwa za Marekani na Uingereza hazikuyahesabu. Makala ya mkutubi wa Lima ilisomwa Lima, basi. Aliyekuwa na jarida maarufu la Kiingereza hakuona haraka. Asiyeonekana ndiye aliyeharakisha kufungua mlango, na E-LIS ikaweka utaratibu wa kila nchi kuwa na mhariri wake, anayejua lugha na vyuo vya kwao. Huo ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko yote katika historia hii.

Kazi ya mhariri haina sifa, lakini bila yeye hifadhi inageuka jalala. Makala ikipakiwa haitokei hadharani papo hapo. Inasubiri kwenye foleni. Mhariri anaifungua faili aone inafunguka kweli. Anasoma ukurasa wa kwanza na kulinganisha na yaliyojazwa kwenye fomu: jina la mwandishi limeandikwa ukoo kwanza au mwisho? Mwaka ni wa mkutano au wa kuchapishwa? Anaangalia kama fungu la JITA linalingana na mada, maana mwandishi wa makala kuhusu kuwafundisha wanafunzi wapya kutumia katalogi ataiweka L kwa sababu katalogi iko kwenye kompyuta, wakati mahali pake ni C. Kisha anauliza swali zito kuliko yote: hii ni nakala gani?

Kwani makala moja huwa na nakala tatu. Ya kwanza ni ile mwandishi aliyoituma jaridani. Ya pili ni ile iliyokubaliwa, baada ya wapitiaji kuisoma na mwandishi kurekebisha. Ya tatu ni ile iliyopangwa na mchapishaji, yenye nembo na namba za kurasa. Majarida mengi huruhusu mwandishi kuiweka wazi ile ya pili, hukataa ya tatu. Nimewahi kukaa na kijana wa idara yetu, mkutubi msaidizi, mbele ya kompyuta, naye ameishika ile ya tatu kwa sababu ni nzuri.

“Mama, si ndiyo hii waliyonitumia wenyewe?”

“Wamekutumia uisome, mwanangu. Tafuta ile uliyowarudishia.”

Alitafuta kwenye barua pepe za mwaka mzima. Aliipata chini kabisa, imeambatishwa kwenye barua ya usiku wa manane, ina maoni ya mhariri pembeni kwa rangi nyekundu. Tuliyafuta maoni, tukaongeza jina la jarida juu, tukaipakia. Tangu siku hiyo huwaambia wanafunzi wote wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo: siku makala inapokubaliwa, faili hiyo iweke pahali pake kabla hujamwambia mtu habari njema.

Hapa pana jambo linaloniuma, na nalisema kwa mapenzi ya taaluma. Wakutubi ndio waliowahubiria maprofesa wa kilimo, tiba na uhandisi kuhusu hifadhi za wazi. Ndio waliozijenga, wakaendesha semina, wakabandika matangazo kwenye korido. Lakini Doug Way alipochunguza makala za majarida 20 ya juu ya ukutubi, katika utafiti uliotoka mwaka 2010, alikuta kwamba kuweka makala kwenye hifadhi hakujawa desturi ya taaluma yenyewe. Makala zao zilikuwa zimefungwa sawa na za wengine. Sababu moja ni woga: mkutubi ndiye anayetunza mikataba na wachapishaji, akitamka hakimiliki anajua uzito wake. Sababu nyingine ni kwamba vyuo vingi humpandisha cheo kwa jarida alilochapisha, wala hakuna kamati inayouliza kama kuna mtu nje ya chuo aliyeweza kuisoma kazi hiyo.

Wapo waliokataa kuendelea hivyo. Wakutubi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walijiwekea sharti mwaka 2009 kwamba makala zao wenyewe zitakuwa wazi. Machi 2013, bodi nzima ya uhariri ya Journal of Library Administration, ikiongozwa na Damon Jaggars, ilijiuzulu. Walikuwa wamebishana na mchapishaji, Taylor & Francis, juu ya mkataba wa waandishi. Jibu lililowafikia ni kwamba mwandishi anayetaka leseni nafuu zaidi angelipa dola 2,995 kwa makala moja. Mjumbe mmoja wa bodi, Chris Bourg, alieleza kwamba alisutwa na dhamiri kuchapisha nyuma ya ukuta wa malipo siku chache baada ya kifo cha Aaron Swartz, kijana aliyeshitakiwa kwa kupakua makala za kitaaluma kwa wingi. Soma tena hiyo bei kwa macho ya mkutubi msaidizi wa Mbeya au Kisumu, ujumlishe mishahara yake.

Kwetu, mambo ya kusoma yalitangulia mambo ya kuandika. Mwaka 2002 ulikuja mpango wa HINARI kwa majarida ya afya, mwaka 2003 ukafuata AGORA kwa kilimo, na mpango wa PERI wa shirika la INASP ulizifikia maktaba nyingi za vyuo. Tulishukuru, na wasomaji wetu walifaidi kweli. Lakini ilikuwa ruhusa ya kusoma iliyotolewa na mwenye mali, yenye nywila, inayoweza kusitishwa nchi ikihesabiwa kuwa imepanda kipato. Kazi za watafiti wetu zilibaki zilipo.

Na zilipo ni makabatini. Mikutano ya SCECSAL, inayowakutanisha wakutubi wa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1974, na tangu hapo imezunguka kutoka nchi hadi nchi. Kila mkutano ulizaa kitabu kinene cha makala. Humo mna maktaba za vijiji, elimu ya watu wazima, usomaji wa magazeti ya ukutani, jinsi ya kuhifadhi karatasi kwenye joto na unyevu wa pwani. Mada hizo huwezi kuzikuta katika jarida la Chicago. Vitabu hivyo vilichapwa nakala chache, wajumbe wakaondoka nazo mikobani, na vingi havikufika popote pengine.

Ndiyo kazi ninayoifanya sasa pamoja na vijana wawili: kuskani makala moja moja na kuomba ruhusa ya waandishi. Wanaopatikana kwa simu hukubali upesi, na wengi hufurahi kuulizwa. Shida iko kwa waliofariki. Chini ya sheria ya hakimiliki warithi ndio wenye kauli, hivyo tunawatafuta watoto. Binti mmoja alitaka kwanza asomewe makala ya baba yake yote kwenye simu, ndipo akasaini. Alikuwa hajui kwamba baba aliwahi kuandika.

Nyingine ziliandikwa kwa Kiswahili, hasa zinazohusu maktaba za vijiji. E-LIS, ambayo kwa miaka sasa inatunzwa na Chuo Kikuu cha Napoli Federico II, hupokea kazi ya lugha yoyote, mradi iwe na ikisiri na maneno muhimu kwa Kiingereza. Kuandika ikisiri hizo ndiyo kazi ya wale vijana kila Ijumaa alasiri, kisha nazipitia mimi. Mwandishi akiwa hai, haipakiwi mpaka naye aisome na kusema ndivyo alivyokusudia.