Vipeuo 54 vya Henry Briggs

Mwaka 1614 John Napier, bwana wa Merchiston huko Edinburgh, alichapisha kitabu cha Kilatini kilichomgharimu takriban miaka 20. Ndani yake mlikuwa na majedwali ya logi, yaliyokusudiwa kuwatua mzigo wanafalaki na mabaharia, waliokuwa wakizidisha kwa mkono namba zenye tarakimu saba na zaidi.

Henry Briggs, profesa wa jiometri katika Chuo cha Gresham, London, alikisoma na hakutulia. Kiangazi cha 1615 alifunga safari hadi Scotland kumwona Napier. Walikubaliana kuzirekebisha hesabu hizo, na matokeo yake ndiyo logi tunayofundishwa: logi ya 1 ni 0, ya 10 ni 1, ya 100 ni 2. Yaani logi hutaja kipeo cha 10 kinachoizaa namba.

Faida yake huonekana mara moja. Unataka 37 mara 52? Logi zake ni 1.5682 na 1.7160. Zijumlishe: 3.2842. Rudi kwenye jedwali, utakuta 1924. Kuzidisha kumegeuka kujumlisha, na kugawanya kumegeuka kutoa.

Lakini logi ya 37 yenyewe ilitoka wapi? Napier alifariki 1617, kazi ikamwangukia Briggs. Alianza na 10, akatafuta kipeuo chake cha pili: 3.1623, ambacho logi yake ni 0.5. Akatafuta kipeuo cha hicho: 1.7783, logi 0.25. Akaendelea hivyo mara 54, kwa kalamu, akibeba desimali 30 na zaidi, hadi akafikia namba iliyoizidi 1 kwa chembe tu. Karibu na 1 kiasi hicho, logi hukua sambamba na ile ziada. Kutoka hapo aliweza kupanda hadi logi ya namba yoyote. Kwangu mimi, hii ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za subira katika historia ya hisabati.

Kitabu chake cha 1624 kilikuwa na logi za namba 1 hadi 20,000 na 90,000 hadi 100,000, kwa desimali 14. Pengo la katikati lilizibwa na Mholanzi Adriaan Vlacq mwaka 1628.

Majedwali ya tarakimu nne katika sekondari za Kenya na Tanzania ni uzao wa kazi hiyo. Walimu, kabla mwanafunzi hajayafungua, mpeni 10 atafute vipeuo vitatu tu kwa mkono wake.