Meya Asiye na Chama: Kampala, 1999–2005
Ibara ya 269 ya Katiba ya Uganda ya 1995 ilivikataza vyama kusimamisha wagombea na kufanya mikutano ya hadhara. Kila mtu aligombea kwa sifa zake binafsi. Rais Museveni alidai vyama viliwagawa watu kwa dini na kabila, na tukitazama DP na UPC, hakukosea sana. Lakini mwaka 1999 Kampala ilimchagua John Ssebaana Kizito kuwa meya, na nani mjini hakujua kuwa ni mtu wa DP? Mwaka 2005, akiwa bado meya, akawa rais wa chama hicho. Kwa maoni yangu, sheria haikumtenga meya na chama chake. Ilimnyima mpigakura nafasi ya kukiuliza chama kimelifanyia nini jiji.