Daktari Mpya na Kelele za Wapenzi Wake

Nipo Smithfield, magharibi ya Sydney. Huku wahamiaji tumejaa, na habari ya nani arithi nini si ngeni kwetu. Basi tuitazame historia ya Doctor Who.

Tamthilia hii ya BBC ilianza 1963. Australia ikaionyesha ABC kuanzia 1965. Mwaka 1966 afya ya William Hartnell, Daktari wa kwanza, ilikuwa imezorota. Watayarishaji wakabuni hila: Daktari hafi, hugeuka mwili. Akaingia Patrick Troughton. Wapo watazamaji walionung'unika kwamba huyu ni mchekeshaji tu, jamani! Baadaye wakamzoea, wakampenda.

Mwaka 2017 akateuliwa Jodie Whittaker, mwanamke. Peter Davison, Daktari wa zamani, akasikitika kwamba wavulana watakosa mfano wa kuiga. Colin Baker, naye Daktari wa zamani, akampinga hadharani.

Mei 2022 akatangazwa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali, ambaye familia yake ilikimbilia Uskoti wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Wengi walishangilia. Wengine wakadai hiyo ni siasa.

Tofauti ni hii: Troughton walimlaumu baada ya kumwona akiigiza. Whittaker na Gatwa walilaumiwa hata kabla hawajafungua mdomo. Hapo hoja si sanaa tena, ni urithi. Gatwa aliondoka 2025, lakini swali limebaki.

Mwenye hoja nyingine ailete, tujadiliane.