Namba ya Wiki na Mwaka wa Wiki

Namba ya wiki ni namba inayoonyesha tarehe fulani imeangukia wiki ya ngapi ya mwaka. Katika ufuatiliaji wa magonjwa hiki ndicho kipimo cha muda kinachotegemewa zaidi, kwa kuwa hesabu za siku moja hupandapanda na kushuka bila mwelekeo, nazo za mwezi hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wiki hiyo huitwa wiki ya epidemiolojia. Vituo vya afya, vikiwemo vya komini ya Annexe inayoizunguka Lubumbashi, huhesabu wagonjwa wa kipindupindu, surua na maradhi mengine yanayofuatiliwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, kisha hesabu hizo hupelekwa kwenye kanda ya afya, na kutoka hapo hufika jimboni na Kinshasa.

Kwa dhana ya wiki Kiswahili kina maneno zaidi ya moja. Lubumbashi husema pia "posho", neno lililotaja chakula walichogawiwa wafanyakazi wa migodi kila wiki, kisha likawa jina la wiki yenyewe; lakini Dar es Salaam posho ni fedha ya kujikimu, hivyo msomaji wa huko angepotea. "Juma" nalo limeshikamana na majina ya siku yanayohesabiwa kuanzia Jumamosi, ambamo Jumatatu ni ya tatu, ilhali kanuni ya kimataifa huifanya Jumatatu kuwa ya kwanza. Kwa sababu hizo "namba ya wiki" ndiyo istilahi isiyo na utata, ingawa, kama itakavyoonekana, haijitoshelezi bila mwenzake, "mwaka wa wiki".

Ugumu unatokana na hesabu yenyewe, kwa maana siku 365 zikigawanywa kwa 7 hutoa wiki 52 na kubakiza siku moja, na mwaka mrefu hubakiza mbili. Siku hizo za ziada ndizo zinazogombaniwa na kanuni mbalimbali. Kanuni ya kimataifa ya ISO 8601, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, huanza wiki siku ya Jumatatu na kuihesabu wiki ya kwanza kuwa ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka, ambayo daima ndiyo yenye tarehe 4 Januari. Mamlaka za afya za Marekani huanza wiki siku ya Jumapili, na wiki yao ya kwanza ni ile yenye angalau siku nne za mwaka mpya.

Lugha ya kompyuta ya R, inayotumiwa sana na wanatakwimu wa afya, inazo kanuni kadhaa kwa pamoja, na hapo ndipo mtego ulipo. Jumapili ya tarehe 1 Januari 2023 ikiombwa kwa alama %V, inayofuata ISO, jibu ni 52. Kwa %W, inayohesabu kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwaka, jibu ni 00. Na kwa %U, inayohesabu kuanzia Jumapili ya kwanza, jibu ni 01. Katika kifurushi cha lubridate, amri ya isoweek hutoa 52, wakati epiweek, ambayo kwa jina ingedhaniwa kuwa ndiyo ya mtaalamu wa epidemiolojia popote alipo, hufuata desturi ya Marekani na kutoa 1. Kwa takwimu za Annexe, zinazofungwa Jumapili, inayofaa ni isoweek.

Amri ya week katika kifurushi hichohicho hukata vipande vya siku saba kuanzia tarehe 1 Januari bila kujali siku hiyo ni ipi, na kipande cha 53 hubaki na siku moja au mbili tu, hata mchoro wa wagonjwa ukaonyesha ugonjwa umeporomoka mwishoni mwa Desemba. Programu ya takwimu ya Stata hufanya kinyume chake, kwani wiki yake ya 52 humezeshwa siku zote zilizobaki, ikawa na siku nane au tisa, na ugonjwa ukaonekana umepanda.

Njia ya ISO yenyewe ni nyepesi: tarehe husogezwa hadi Alhamisi ya wiki yake, mwaka wa Alhamisi hiyo ndio mwaka wa wiki, kisha nafasi ya Alhamisi hiyo ndani ya mwaka hupunguzwa moja, hugawanywa kwa saba, masalia huachwa, na jibu huongezwa moja. Ijumaa ya tarehe 1 Januari 2021 ina Alhamisi yake tarehe 31 Desemba 2020, siku ya 366. Ikipunguzwa moja hubaki 365, ambayo kwa 7 ni 52 na masalia, na 52 ikiongezwa moja ni 53. Kwa hiyo tarehe hiyo ni ya wiki ya 53 ya mwaka wa wiki 2020, na anayeandika "wiki ya 53 ya 2021" ametaja wiki isiyokuwepo. Kosa hilo huzaliwa pale %V inapounganishwa na %Y, mwaka wa kalenda, badala ya %G, mwaka wa wiki. Kwa kosa hilohilo mgonjwa wa Jumatatu, tarehe 30 Desemba 2024, ambaye ni wa wiki ya kwanza ya 2025, huandikwa katika wiki ya kwanza ya 2024, karibu mwaka mzima kabla hajaugua.

Katika nchi ambazo mwisho wa mwaka ni kipindi kitulivu, makosa haya yangeweza kuvumiliwa. Lakini Lubumbashi mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, na mitaa mingi ya Annexe hutegemea visima, hivyo mwaka hubadilika katikati ya msimu ambao kipindupindu huhofiwa zaidi. Kwa sababu hiyo jedwali la takwimu linapaswa kutunza tarehe kamili, mwaka wa wiki na namba ya wiki katika safu tatu tofauti, na kutaja kanuni iliyotumika. Tahadhari hiyo itahitajika hasa katika mwaka wa wiki 2026, wenye wiki 53, ambao wiki yake ya mwisho hufungwa tarehe 3 Januari 2027 na haina ya kulinganishwa nayo katika 2025.